Bawaba za Chumba cha Ushauri

Mafundi wa hospitali ile walimwita Bisibisi, maana hata harusini alikwenda nayo mfukoni. Miaka yote alikuwa mtu wa ngazi: taa, feni, paa linalovuja, yote yake. Kisha mwenzake akaanguka kutoka kwenye ngazi ambayo Bisibisi mwenyewe alikuwa ameishikilia, akafariki. Wakubwa walichunguza, wakasema hana kosa. Yeye hakuwasadiki. Tangu hapo akikanyaga kipandio cha kwanza tu anashuka, akawa anabadilishana kazi kijanja: chukueni taa, nipeni vyoo. Na nani atakataa kuondolewa vyoo?

Mkewe alishaona.

"Baba watoto, chakula unakitazama tu. Si kuna yule mshauri hapo hapo kazini kwenu? Nenda ukaongee naye."

"Nikaongee nini? Kwani mimi nina wazimu?"

"Nani kasema wazimu?"

"Watasema."

Na hapo hakukosea. Chumba cha ushauri kilitazamana na dirisha la dawa, na nje yake palikuwa na benchi. Ukikaa pale, foleni nzima inakukodolea macho. Msimamizi wa mafundi, mtu mwenye mdomo usio na breki, alilibatiza: benchi la waliokatika waya. Mafundi walivunjika mbavu. Bisibisi alicheka kuliko wote, huku moyoni anajua kwamba fundi akishaitwa hivyo, hata balbu hataaminiwa nayo. Kazi ingemponyoka.

Akapata akili. Alibeba sanduku la vifaa, akaenda kukaza bawaba za mlango wa mshauri. Zilikuwa nzima. Mshauri, mwanamke wa makamo, alimwona akizilegeza ili apate za kukaza. "Karibu, fundi. Pole na kazi," alisema tu.

Alirudi kwa ajili ya kitasa, halafu kiti, halafu bawaba tena. Alizungumza akiwa amempa mgongo, macho kwenye skrubu: mara habari za watoto, mara usingizi unavyomkimbia. Siku moja, amepiga magoti pale mlangoni, likamtoka.

"Ngazi niliiachia mkono mmoja. Nilikuwa napangusa jasho."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Alilia kama mtoto, na mshauri akausukuma mlango ukafungika.

Basi msimamizi akachoka. "Mlango gani huo hauponi? Sasa nampeleka fundi mwingine. Wewe kabadilishe taa za wodini."

Bisibisi alipanda vipandio vitatu, akaganda. Alishushwa akitoka jasho, akasingizia kizunguzungu. Alijua uongo huo hautamfaa mara ya pili.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mikono mitupu, akaketi kwenye benchi. Foleni ya dawa ikamgeukia. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakuinuka. Mara msimamizi huyo, anakuja.

"Unatengeneza nini hapo?"

"Sitengenezi kitu. Nasubiri zamu yangu."

Msimamizi alifungua kinywa, na Bisibisi akajikaza kuupokea mzaha. Haukuja. Bosi wake aliitazama foleni, akautazama mlango, kisha akainama kana kwamba anafunga kamba za viatu.

"Ukitoka," akanong'ona, "niambie kama huyo mama ana mlango wa nyuma."