Ruhusa ya Arobaini

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye dirisha la karani wa mashamba ya karanga, hapa Nachingwea. Mbele yangu alisimama dereva wa trekta, kofia mkononi, akiomba ruhusa ya siku tatu aende Chinongwe kwenye arobaini ya mama yake.

Karani hakuinua uso. "Si mlishamzika, bwana? Sasa huko unakwenda kufanya nini?"

Dereva alifuta grisi vidoleni kwa ile kofia, kidole kimoja kimoja. "Tulimzika asubuhi, mchana lori likanirudisha kazini. Tangu siku hiyo nipo juu ya trekta. Naomba nikakae na ndugu zangu, isomwe hitima, nami nilie."

"Nusu siku," alisema karani, akagonga muhuri.

Chinongwe ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Dereva alisema ahsante, akaikunja karatasi, akarudi kwenye trekta.

Nilitaka kumlaumu karani katika safu hii, lakini kalamu imekuwa nzito. Arobaini ya mama yangu mimi sikunyimwa ruhusa na mtu. Nilisema nina kazi nyingi, nikatuma ratili nne za sukari.