Boriti za Gazi Chini ya Jumba la Redio

Juzi nilikuwa nakunywa chai na mahamri mkahawani Ukunda, runinga ikasema kwamba jumba refu la redio ya taifa, lile la ghorofa nyingi kule Nairobi, huenda likauzwa. Nikaweka kikombe chini. "Haliuzwi!" nikasema, na sauti yangu, wajua mwenyewe, haikuumbwa kwa kunong'ona. Kijana anayehudumu, mtoto wa bara, mpole tu, akacheka: "Mama, hiyo si ni stori ya Nairobi? Sisi huku inatuhusu na nini?"

Inatuhusu, rafiki yangu. Keti nikueleze wewe, maana yeye alikuwa na wateja.

Jumba lile lilipoanza kujengwa, mimi nilikuwa mtoto kijijini Gazi, huku huku pwani, na mikoko ilikuwa bado inakatwa kwa kibali cha serikali. Dalali alikuja na lori, akataka boriti nyingi, ndefu, zilizonyooka, za kushikilia zege la kila ghorofa mpaka likauke. Baba na wenzake waliingia msituni maji yakipwa, wakatoka yakijaa, matope mpaka kiunoni. Sisi watoto tuliziosha boriti na kuzipanga korija korija, yaani ishirini ishirini. Bibi alibandua magome, mikono ikawa myekundu hadi viwikoni, akaikata kila boriti alama mbili za panga, alama ya nyumba yetu, dalali asije akachanganya. Usubi walituuma hadi masikioni. Mchana tulikula muhogo wa nazi na kaa waliochemshwa palepale, na mpaka leo sijapata kaa watamu vile, mahoteli ya Diani yanisamehe.

Miti mizuri ilipopungua, wakageukia ile iliyokuwa mbele ya nyumba zetu. Jirani alilalamika kwamba bahari itaingia. Baba akamjibu, "Ni ya redio ya taifa, ndugu yangu. Tukikataa sisi, atatoa nani?" Ikakatwa.

Siku ya ufunguzi tulikusanyika uani kwa bibi, redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Mtangazaji akawashukuru mawaziri, wahandisi, wafadhili, hata waliopanda maua nje. Gazi haikutajwa. Baba aliinamisha kichwa. Bibi akaisogelea redio kama mtu anayekwenda kumkabili mwenzake. "Hata ahsante? Haya. Tangu leo nyinyi ni wapangaji wangu."

Wala hakuwa anatania. Kila asubuhi mtangazaji akisema hamjambo wasikilizaji, bibi alijibu kutoka jikoni, "Hatujambo, wapangaji. Mmelala salama nyumbani kwangu?" Wakisoma habari asizoziamini, aliizima redio. "Nimewafungia mlango," alisema, na siku hiyo hatukusikia hata mpira. Mwalimu wetu alijaribu kumweleza, kwa adabu zote, kwamba boriti huondolewa zege likishakauka, kwamba mle ndani hamna hata kijiti cha Gazi.

"Mwalimu," bibi akamwambia, "wewe ulishikwa mkono mpaka ukasimama dede. Aliyekushika alipokuachia, ukawa si mtoto wake tena?"

Mwalimu akaomba maji ya kunywa.

Wakati ule nilicheka. Sasa sicheki, nina hasira. Bahari iliingia kweli, kama jirani alivyosema. Ilikula uwanja, ikala jiko, ikala chumba nilichozaliwa. Baba alituhamishia juu, karibu na barabara, na bibi akafia huko bila kusikia ahsante. Mikoko imepandwa upya, akina mama wa Gazi wanaitunza kama watoto, nami nawapa heshima yao. Lakini ile iliyotukinga haipo, na uani pale kwa bibi leo wanaogelea samaki.

Wanasema wataita watu watoe maoni kabla ya kuuza. Nitakwenda. Nitavaa leso mpya, niketi safu ya mbele, na wakiniuliza nina hati gani, nitawaambia waje Gazi maji yakipwa, niwaonyeshe mahali palipokuwa na nyumba yetu. Waingize miguu kwenye tope hilo, kisha wanisikilize vizuri. Jumba lile lilisimama kwa sababu letu lilianguka. Nyumba moja tumeshaitoa. Ya pili hatutoi.