Zamu ya Kozi Dume

Beata wa Nkwenda alitaka kwenda gulioni kuuza maharage yake mwenyewe, lakini mumewe, Jovitus, alikataa kubaki na mtoto. Alisema wanaume wa kijiweni wangemcheka mpaka ahame mji.

Asubuhi hiyo walikuwa uani wakiwatazama ndege wawili wa mawindo, kozi, waliotaga juu ya ghorofa la jirani ambalo halijaisha. Yule mkubwa aliinuka akaruka, na mdogo akaja kuyalalia mayai.

"Unaona, Mama Evelyn?" Jovitus alisema kwa majivuno. "Dume kaenda kutafuta, jike kabaki nyumbani. Hao ndio walimu wangu."

"Utafuata wanachofanya?"

"Neno kwa neno."

Beata akajikohoza kidogo. "Baba Evelyn, mimi niliwaona wakipandana nilipokuwa naanika kahawa. Aliyekuwa juu ni huyo mdogo."

Jovitus aliinua macho, akamtazama sana yule ndege aliyetulia juu ya mayai. Alipoyashusha, Evelyn alikuwa ameshawekwa mapajani mwake na Beata alikuwa amejitwika gunia.

"Basi ukitoka funga geti," alimnong'oneza.

Beata akaliacha wazi.