Mwali Hakushtuka

Siku ya kwanza ya kazi nilikatwa kucha. Aliyeniajiri alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na mji mzima wa Tabora ulimwita Somo, kama aitwavyo kila anayewafunda wali, hakuna aliyetumia jina lake. Alinipokea uani katika nyumba moja ya Waarabu, akanishika mikono, akaigeuza juu chini kama mtu anayechagua viazi, kisha akaagiza wembe. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Ziba, nimeachika, sina mtoto, na Kiswahili changu kilikuwa na Kinyamwezi kingi ndani yake. Nilimwamkia "mwangaluka." Akasema, "Humu tunasema shikamoo. Na mwenye kucha hamgusi mwali wangu."

Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ni kusinga. Nyinyi wa siku hizi mnanunua kopo dukani, mnajisugua mpaka ngozi inawaka moto, halafu mnakuja kwangu na madoa usoni mnauliza mmerogwa na nani. Sisi tulimsinga mwali, yaani binti aliyewekwa ndani akingoja kuolewa, kwa siku saba. Unga wa kusingia, singo, tuliutwanga wenyewe: choroko, maganda ya machungwa yaliyokaushwa, karafuu chache, na liwa, ule mti wa kunukia, iliyosagwa juu ya jiwe. Tuliuchekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili, maana chenga moja ya karafuu inakwaruza kuliko hata hizo kucha nilizokatwa. Halafu tuliukanda kwa maji ya waridi na asali iliyotoka Usinge.

Ngozi hailazimishwi. Kwanza unamfunika mwali kanga iliyochovywa maji ya moto ikakamuliwa, mpaka ngozi ilainike. Unapaka singo kidogo ndani ya kiwiko na kungoja. Ikimwasha, unapunguza karafuu. Kisha unasinga kwa kiganja, polepole, kwa kuzungusha. Nongo zikianza kujiviringa chini ya mkono, zile taka na ngozi iliyokufa, umefika, na ukifika unaacha. Penye kidonda hupiti. Palipopita wembe leo, hupiti mpaka kesho kutwa. Dodoki ni la mgongo na miguu tu, tena lililolala kwenye maji. Mwisho ni mafuta ya ufuta, na mwali haonjeshwi jua.

Lakini yote hayo yalikuwa chini ya jambo moja, kwamba mwali hasemi. Siku saba anainamisha macho na kunyamaza, umsinge, umkande, umtanie namna gani. Ndiyo adabu yake. Kwa hiyo Somo alinifundisha hivi: "Hatakwambia kwamba unamuumiza. Usitazame ngozi, tazama uso. Akikunja paji la uso, ondoa mkono." Nikiwa nyuma ya mwali tuliegemeza kioo ukutani mbele yake, nikausoma uso wake humo. Miaka mingi sheria hiyo haikuniangusha, na mimi nikaanza kujiona fundi.

Ndipo nilipopewa Zuhura, binti wa kwanza wa mfanyabiashara mmoja wa pale mjini. Alikuwa anaolewa Ujiji. Somo aliniachia kazi yote peke yangu, na mimi kichwa kikavimba. Binti mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, ana mwanya. Nyuma ya bega la kushoto alikuwa na baka lililopauka, upana wa kisahani cha kahawa, kavu, halina hata kinyweleo. Mama yake akaniambia, "Hilo liondoe, mwanangu. Wakwe wasilikute."

Nikalisinga siku ya kwanza, halikubadilika. Siku ya pili nikachukua dodoki. Nilitazama kioo kama nilivyofundishwa, na uso wa Zuhura ulikuwa umetulia tuli. Siku ya tatu nikakandamiza kwa nguvu za mikono yote miwili, na bado mwali hakushtuka. Nikasema kwa sauti, wanawake wote wasikie, "Wallahi, sijapata kuona mwali mwenye subira kama huyu." Mama yake akapiga kigelegele. Kwenye kioo nilimwona Zuhura akitabasamu kidogo, na kwa furaha nikazidi kusugua.

Nilipokamua dodoki nikaona damu.

Nilimwita Somo pembeni. Alikuja, akalitazama baka kwa muda mrefu, akawatoa wanawake wote nje kwa kisingizio cha kuchemsha maji. Kisha akachomoa sindano kwenye upindo wa kanga yake, akalichoma lile baka. Zuhura hakutikisika. Akachoma pembeni, penye ngozi nzima, na binti akaruka. Somo akairudisha sindano mahali pake, akanivuta mpaka ukumbini.

"Ni ukoma," akasema.

Nikamwambia tumwambie mama yake.

"Sisi tumeitwa kusinga," akasema. "Hatukuitwa kupima. Ukisema leo, harusi imekufa, na wadogo zake wawili hawataolewa na mtu. Paka liwa nene hapo. Na ulimi wako uuweke mdomoni."

Nikapaka liwa. Sikulazimishwa na mtu. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliona haya, kwa sababu ganzi ya ugonjwa nilikuwa nimeiita subira mbele za watu, na wakanishangilia. Zuhura alipanda treni ya Kigoma ananukia waridi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza stesheni wakiimba.

Baada ya hapo mkono wangu ukaharibika. Kila mwali aliyetulia nilimfinya kwa siri nione kama atashtuka. Mmoja alilia, mama yake akalalamika, Somo akaniambia nikapumzike, na nilielewa maana yake.

Kituo changu cha pili kilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, mbali na mji, kando ya njia ile ya zamani ya misafara. Bosi wangu huko alikuwa Sista Mkuu, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Aliweka mbele yangu beseni, jiwe laini la mtoni, na mzee mmoja mwenye magaga, ile mipasuko ya kisigino, ambayo kidole kingeingia. Nikaanza kazi macho yangu yakiwa usoni kwa mzee. Sista akanishika kidevu, akakiinamisha kwenye ule mguu.

"Usoni pake unatafuta nini?" akauliza. "Huyu atakuchekea huku unamchubua mpaka mfupa. Hapa tazama ngozi."

Ilibidi nijifunze upya. Maji unapima kwa kiwiko chako mwenyewe, maana mgonjwa ataingiza mguu kwenye maji yanayochemka huku akikupa habari za nyumbani. Unaloweka miguu mpaka sugu ilegee. Unasugua sugu tu, kwa jiwe, kidogo kila siku, na hujaribu kuimaliza kwa siku moja. Ukiona wekundu umechelewa kuacha. Unapaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yasitoroke. Mguu uliotunzwa hivyo haupasuki, na usiopasuka haukatwi. Nilisugua miguu ya watu ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha kuwalilia matanga wakiwa hai, na kila kisigino kilinikumbusha bega moja.

Vidonge vya ukoma vilipoanza kuja kambini, watu waliokuja mapema walirudi makwao na vidole vyao vyote kumi. Nilikuwa nikiwahesabu. Kila aliyetoka mzima nilisema moyoni, huyu alikuwa na mtu aliyesema.

Zuhura aliletwa baada ya hapo, kwenye gari la kubebea pamba. Mume alikuwa amemwacha, na kwao walikuwa wamemficha chumba cha uani muda mrefu. Vidole vilikuwa vimejikunja, vingine havipo. Nilimtambua kwa mwanya. Naye akanitambua, akasema, "Shikamoo, Somo." Nikaenda kuchota maji ya kumwosha.

Nilimwosha miguu kila asubuhi kwa miaka. Tulizungumza habari za mvua, za asali, za wadogo zake, ambao waliolewa wote wawili. Kila siku nilijiambia leo nitasema, na kila siku niliinua beseni nikaenda zangu.

Nilistaafu bendera ya Mwingereza ingali juu. Siku yangu ya mwisho nilipaka mafuta mguu wake wa pili, nikabaki nimeushika. Nikamwambia, "Zuhura, ile siku tulijua. Mimi na Somo. Tulijua kabla hujapanda treni."

Hakuondoa mguu.

"Niliiona sindano," akasema. "Kwenye kioo. Niliona inaingia, na mimi sisikii kitu. Nikajua nina jambo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa mwali," akasema. "Mwali hasemi. Nilikuwa nangoja nyinyi mseme."

Akaniuliza kama yule atakayechukua nafasi yangu anajua kupima maji. Nikasema anajua.

Sasa nakaa Kitete, hapahapa Tabora, magoti hayanipeleki mbali. Wasichana wanakuja kuniuliza habari za singo, nami siwanyimi: loweka kwanza, chekecha mara mbili, acha mapema, paka mafuta. Na mara mojamoja ananijia mtu mzima kuniomba nikamsinge binti yake. Namwambia nitakuja kwa sharti moja, kila nikimgusa nimwulize kama anasikia, na yeye anijibu kwa mdomo wake, watu wakiwepo. Wengi hucheka. Wanasema, bibi, mwali hasemi.

Basi mimi siendi.