Mgeni Rasmi wa Mazoezi

Koti ndilo lililoniponza. Mama alilinunua kwenye mitumba ya Mwanjelwa, kwetu Mbeya, koti jeusi la suti, la mtu ambaye bila shaka alikuwa na mabega mawili zaidi ya haya ya kawaida. Nilipolivaa akaniangalia, akasema, "Utalikulia." Basi likizo ya mwezi wa sita nikapanda nalo basi kwenda Iringa kwa bibi, mama yake mama. Nimelikulia njia nzima na bado mikono haikuonekana.

Bibi ni Mhehe. Baba yangu Mnyakyusa, kwa hiyo nikiwa ukweni kwake jina langu ni "mla ndizi", isipokuwa kwa bibi mwenyewe, ambaye huniita mume wangu. Najua, bibi wote huwaita hivyo wajukuu wao wa kiume, ni utani tu. Tofauti ni kwamba wa kwangu hunidai matumizi mbele za watu.

"Mume wangu," aliniambia jioni niliyofika, "kesho kikundi chetu tunacheza mjini. Mwaka juzi mgeni rasmi aliondoka tukiwa tunafunga njuga. Mwaka jana akaondoka tumeshasimama mstari, nikamwona kisogo. Safari hii nataka aniangalie, mimi namwangalia, pale pale uwanjani. Baada ya hapo hata nikifa sawa."

"Usife, bibi. Nitabaki mgane na bado niko kidato cha tatu."

Hakucheka. Bibi yangu asipocheka ujue jambo ni zito, maana huwa anacheka hata msibani.

Uwanja wenyewe uko katikati ya mji, mbele ya boma la mawe walilojenga Wajerumani. Kuta zake nene utadhani walikuwa wanajificha baridi. Siku za tamasha la ngoma wanafunga mahema, wanapanga viti vya plastiki, na mbele kabisa wanaweka meza kuu. Asubuhi ile meza kuu ilikuwa imekamilika: kitambaa cha kung'aa, maua ya plastiki, chupa za maji, na kikopo cha vijiti vya kuchokolea meno, ingawa chakula hakikuwepo wala harufu yake. Kilichokosekana ni mgeni rasmi tu. Na bila mgeni rasmi hakianzi kitu. Hata ukitaka kupiga chafya unasubiri afike.

Mshereheshaji alikuwa mwanaume mnene mwenye miwani ya jua na sauti ya kuuza sumu ya panya. "Kamweneee!" anapiga kelele kwenye kipaza sauti. Watu wanaitikia salamu hiyo ya Kihehe, kamwene. "Itifaki imezingatiwa!" anaviambia viti vitupu. Akinyamaza kidogo anasikia aibu ya kimya, anarudia. Kamwene. Itifaki imezingatiwa.

"Bibi, itifaki ni nini?"

"Si ndiyo hivyo vijiti vya meno."

Tulikuwa tumekaa chini, yeye na akina bibi wenzake wa kijijini, wamejifunga vitenge vya sare. Walikuja kwa lori la mbao. Dereva alikuwa mpwa wa mmoja wao, na aliwaambia wazi: yeye ana safari ya Mgololo, jua likianza kuinama anaondoka, aliyepanda kapanda, aliyebaki atembee.

"Baba yangu alikaa chini hapa hapa," bibi akasema, akinyoosha miguu yake yenye njuga. "Yeye na wenzake walikuwa wanaitwa na bwana shauri. Mzungu hafiki mapema, wao wanamsubiri juani."

"Akifika?"

"Anawagombeza kwa kuchelewa."

Ndipo mshereheshaji akaliona koti. "Wewe! Kijana! Wa koti! Njoo hapa."

Nikajua nimekamatwa kwa kosa ambalo bado sijalifanya. Kumbe vijana wa skauti walitakiwa wafanye mazoezi ya kumvisha mgeni skafu, na hawakuwa na wa kumvisha. Nikashuka kwenye gari ambalo halikuwepo. Nikapungia watu. Skauti mmoja akanipigia saluti, mwingine akanivisha skafu, akaninyonga kidogo kwa bahati mbaya. Nikapelekwa kwenye kiti kikubwa, kile chenye foronya mgongoni. Watoto wakapiga makofi. Mla ndizi kakaa meza kuu.

"Basi, inatosha," mshereheshaji akasema. "Rudi ulikotoka." Skafu akasahau kunivua.

Mchana ukafika, ukakaa, ukaanza kuondoka. Mgeni rasmi yuko njiani. Bado yuko njiani. Nadhani njia yenyewe ndiyo ilikuwa inaishi naye. Vikundi vya ngoma vimejilaza, mtalii mmoja kapiga picha meza kuu tupu kutoka pande zote, labda akidhani ndiyo ngoma. Kisha lori likapiga honi.

Akina bibi wakaangaliana. Mmoja akaanza kufungua njuga.

"Usifungue," bibi akamwambia. Akainuka, akaenda kwa mshereheshaji. Nikamfuata, kwa sababu ugomvi wa bibi ni kitu ambacho huwezi kukikosa.

"Mwanangu, sisi tunacheza sasa."

"Mama yangu, haiwezekani. Bila mgeni rasmi hakuna kinachoanza hapa."

"Nani kasema kuanza? Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi?"

"Mbona skauti wamefanya? Sisi hatuna haki ya mazoezi?"

Mshereheshaji akavua miwani. Nilimwona akitafuta kosa kwenye ile hoja, akakosa. "Haya, mama. Mazoezi. Ya haraka."

"Na mgeni wetu wa mazoezi tunamtaka kwenye kiti." Akanisukuma. "Nenda kakae, na ukae kiheshimiwa."

Nikakaa. Nikapanga vijiti vya meno vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kuwachekesha watu: nilitaka kusinzia kama wanavyosinzia wakubwa, nitoe simu, nijifanye naongea na mtu muhimu. Nilishatoa mpaka simu.

Ngoma ikalia. Ile kubwa ilikuwa na ngozi iliyochanika pembeni, inatoa sauti ya mtu mwenye mafua, lakini akina bibi hawakuijali. Waliingia mabega yakitangulia, miguu inakanyaga kama chini kuna siafu, na bibi yangu yuko mbele. Akaja hadi karibu na meza. Akaniangalia.

Nilitaka kumkonyeza, nikashindwa. Hakuwa ananiangalia mimi wa kudaiwa matumizi. Alikuwa anamwangalia mgeni rasmi, yule wa mwaka juzi na yule wa mwaka jana, na huenda hata bwana shauri alikuwa humo ndani ya koti langu, maana nafasi ilikuwepo. Simu nikairudisha mfukoni. Nikamwangalia na mimi. Sijawahi kumwangalia mtu muda mrefu hivyo bila kumcheka. Pale uwanjani wote walikuwa wameshasimama.

Ngoma iliponyamaza, bibi akaomba kipaza sauti asome risala. Hakuwa na karatasi, risala ilikuwa kichwani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukaa. Changamoto yetu ni moja. Ngozi ya ngoma imechanika. Ahsante."

Watu wote wakanigeukia. Ningefanyaje? Nikasimama, nikavuta mikono ya koti.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa." Makofi. Tamu kweli hii kazi. "Hilo la ngozi nimelipokea, na ninakwenda kulifanyia kazi. Ndaga fijo!"

Hiyo ya mwisho ni asante ya Kinyakyusa, ilinitoka tu. Uwanja ukalipuka. "Mla ndizi huyooo! Mtoeni!"

Lori likapiga honi tena, ya hasira. Tukakimbia. Akina bibi karibu wote walikuwa wameshapanda, mimi nimening'inia nyuma nasukuma wa mwisho, gari jeupe linalong'aa likaingia uwanjani. Akashuka kijana wa kunizidi miaka michache, ana suti inayomtosha. Mgeni rasmi alipata udhuru akamtuma mwakilishi, mwakilishi naye akapata udhuru akamtuma huyu.

Mshereheshaji akatukimbilia. "Mama zangu, shukeni! Amefika! Njooni mcheze ile yenyewe!"

"Ile ndiyo ilikuwa yenyewe," bibi akamjibu toka juu ya lori. "Huyo ndiye mazoezi."

Dereva akatia gia. Mshereheshaji akanyoosha kidole shingoni kwangu, akaanza kukimbia upya. "Skafu! Skafu iko moja tu!" Nikaivua, nikamrushia, ikatua kwenye miwani yake. Akina bibi waliimba mpaka nyumbani. Bibi hakuimba. Alikaa juu ya gurudumu la akiba, anatabasamu na barabara.

Nilidhani yameisha. Kesho yake asubuhi nikaamshwa na harufu. Bibi alikuwa ameweka mlangoni ngozi ya mbuzi, mbichi, imelowekwa tangu juzi, kabla hata sijaahidi kitu, na kisu kisichokata.

"Bibi, nini hii?"

"Mheshimiwa, ulisema unalifanyia kazi."

"Wenzangu wote husema hivyo!"

"Wenzako sikuwaona uso. Nilikuona wewe." Akanisogezea kigoda. "Uanzie na manyoya ya tumboni, mume wangu. Na vua koti, litanuka."

Nilichelewa kulivua. Sasa niko shuleni Mbeya, na jirani yangu wa dawati amehama.