Paja la Sungura wa Mama

Shida zilinianza mwaka 1947, nikiwa na miaka kumi na sita, baba alipofariki. Shule niliiacha darasa la pili, nikaenda Itungi kufua nguo za Mzungu mmoja wa bandarini. Nilifua kuliko dobi yeyote pale.

Mkewe, niliyemwita Mama, alifuga sungura mweupe, jina lake Deizi. Alimchana manyoya na kumpakata kutwa. Mimi nilijua ananenepeshwa.

Walipopata uhamisho, Bwana aliahidi kuniombea kazi kwa Mzungu mpya. Mama naye akanikabidhi Deizi, machozi yanamtoka.

"Chukua, ni wako. Una moyo mzuri."

Kwetu ukipewa mnyama mzima unamchinja, na aliyekupa unampelekea paja, asije akasema umemdharau. Nilichinja jioni ileile. Asubuhi nikaenda gatini na paja la kuchoma, nimelifunga kwenye jani la mgomba. Nikawakuta wote watatu kando ya meli, Mzungu mpya ameshika mbwa wake.

"Deizi amelalaje?" Mama akaniuliza.

"Ndaga, Mama, asante sana. Alikuwa mnono!" Nikafungua jani. "Hili lako, ule njiani."

Mama alipiga yowe, makuli wakaacha mizigo. Mzungu mpya akamwinua mbwa wake, akamkumbatia kifuani.

"Huyu simtaki," akamwambia Bwana.

Nikarudi kwetu kushika jembe. Leo nina shamba la mpunga Busale, kakao, migomba, nyumba ya bati na ng'ombe saba.