Kasuku Aliyemchagua Bibi

Juzi nilikwenda Sirari kununua sukari, nikakuta mwenye duka amening'iniza tundu la kasuku mlangoni. Nilirudi nyumbani bila sukari. Cheka tu, lakini ngoja nikueleze.

Miaka ile ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka saba hivi, mjomba aliyekuwa kuli wa meli za ziwani alituletea Tarime kinda la kasuku kutoka Bukoba. Macho yake yalikuwa meusi, ya upole, na alikuwa wa kila mtu. Nilimlisha ugali wa ulezi kwa vidole, naye akisinzia shingoni mwangu huku nachambua mboga. Nilimpenda kuliko wadogo zangu, sioni haya kusema.

Mwaka wa tatu macho yakaanza kugeuka njano, na tabia nayo ikageuka. Aliniuma kidole nusura afike mfupani. Akamchagua Bibi, ambaye hata hakuwa na haja naye. Kila alfajiri alimfuata zizini, akatulia begani kwake, akimsikiliza anavyomwimbia ng'ombe wake mwekundu ili ashushe maziwa. Nililia wivu mpaka Mama akanitishia fimbo.

Bibi akafariki wakati wa masika. Kasuku akawa bubu, akajinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana. Yule ng'ombe naye akazuia maziwa, na ndiye pekee aliyekuwa anakamuliwa kwetu siku hizo. Kila mtu alijaribu kumwimbia, wapi. Mama hakuwa na maziwa ya kutosha kifuani, na mdogo wetu mchanga alikuwa anakwisha tukimwangalia.

Siku ya nne Mama alikuwa amechuchumaa na kibuyu chake mimi nimeshika ndama, mara nikasikia Bibi anaimba nyuma yangu. Ni yeye kabisa, hata kile kikohozi chake cha katikati. Nywele zilinisimama. Nilipogeuka, kasuku alikuwa juu ya gogo la mlango wa zizi, macho ya njano hayapepesi. Ng'ombe akashusha maziwa. Mama alikamua huku analia, hakuinua kichwa.

"Huyu si ndege tena," Baba alisema. "Leo nampeleka porini."

"Baba watoto, nakuomba. Mwache kwanza, mpaka mtoto aanze kula ugali."

Basi tukaishi hivyo miezi mingi, tukiamshwa na marehemu. Majirani waliacha kukatiza uani kwetu. Mtoto akanenepa. Siku alipomeza tonge lake la kwanza, Baba alimtia kasuku kwenye kapu, akaondoka, akarudi na kapu tupu. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe.

Zizi halipo siku hizi, zimejaa nyumba za bati na kelele za pikipiki. Yule mtoto sasa ana wajukuu, na mwaka jana aliniomba nimwimbie alivyoimba Bibi. Nilianza, nikakatiza. Sauti iliyonitoka haikuwa ya Bibi. Ilikuwa ya kasuku.